Sura ya 6: Nafasi Zilizoachwa Wazi

Fomu ya kumtafuta mgonjwa kwenye kompyuta ya mapokezi huuliza mengi. Jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, namba ya kadi, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, simu, jina la mama, siku ya mwisho kuhudhuria. Mama aliyesimama dirishani amesahau kadi nyumbani. Anataja majina yake mawili na kijiji anachotoka, basi. Karani anajaza nafasi tatu, saba anaziacha kama zilivyo, kisha anabonyeza kitufe cha kutafuta. Sura hii inahusu zile saba.

Kila nafasi ina hali mbili tu, imejazwa au haikujazwa, kwa hiyo nafasi kumi zinazaa michanganyiko 1,024. Ongeza nafasi zifike 20 na michanganyiko inakuwa 1,048,576. Hakuna mtunga programu atakayekaa aandike maswali yote hayo moja moja. Lazima programu yenyewe iunde swali papo hapo, kwa kutazama kilichojazwa, na kulipeleka kwenye kanzidata. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Ukiifanya vibaya, mgonjwa aliyemo kwenye mfumo haonekani, au wanaonekana wote kwa mtu asiyestahili kuwaona.

Nimechagua mapokezi ya kliniki kwa sababu mfano wake upo karibu nasi na unaweza kuchunguzwa na yeyote. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Huduma za wagonjwa wa UKIMWI zilipopanuka, mfumo ule ukawa mdogo. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret na kisha Rwanda, na leo imeenea katika nchi nyingi. Kwa kuwa ni huria, msimbo wake wote uko wazi, na ukiusoma utakuta mapokezi yetu yamewekwa kwenye majedwali: moja la watu, jingine la majina, jingine la namba za utambulisho, jingine la anwani. Mtu mmoja anaweza kuwa na mseto wa majina zaidi ya mmoja, maana watu huolewa, hubatizwa, husilimu. Jedwali la watu lina hata safu inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ni ya hakika au imekadiriwa. Aliyeiweka safu hiyo alikuwa amekaa mapokezi akasikiliza.

Misingi ya haya yote ni ya IBM. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data zote ziwekwe kwenye majedwali, na anayeuliza aseme anataka nini bila kueleza njia ya kukifikia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuulizia ambayo leo tunaiita SQL. Lakini kwa sura hii mtu ninayemwona muhimu zaidi ni wa nne, na jina lake halitajwi sana. Moshé Zloof, wa maabara ya IBM huko Yorktown Heights, New York, alitaka mtu wa kawaida aulize bila kuandika sentensi yoyote. Katika mfumo wake wa katikati ya miaka ya 1970, Query-by-Example, mtumiaji anaonyeshwa jedwali tupu lenye vichwa vya safu, naye anaandika anachokijua chini ya safu inayohusika. Safu asiyoigusa haiweki sharti lolote. Kila fomu ya kutafutia unayoijua, ya nyumba za kupanga, ya tiketi za basi, ya vitabu vya maktaba, inatembea juu ya kanuni hiyo ya Zloof. Tatizo ni kwamba SQL haina kanuni hiyo ndani yake. SQL inatekeleza kila sharti inalopewa, na kazi ya kuamua sharti lipi liwepo inabaki kwa mtunga programu.

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni hii. Swali linaandikwa mara moja likiwa na masharti yote kumi, na kila nafasi tupu programu inaitilia alama ya asilimia, ambayo baada ya neno LIKE maana yake ni maandishi yoyote:

WHERE jina_la_kwanza LIKE 'Chebet%'
  AND jina_la_kati LIKE '%'
  AND jina_la_ukoo LIKE 'Rono%'

Inasomeka vizuri. Jina la kati lolote linakubalika, sivyo? Sivyo. Mgonjwa ambaye hakuandikishwa jina la kati, safu yake ina NULL, yaani hapana kilichoandikwa pale. Ukiilinganisha NULL na kitu chochote, hata na alama inayokubali kila kitu, jibu halitakuwa ndiyo wala hapana, litakuwa haijulikani. Na WHERE hupitisha mistari iliyopata ndiyo peke yake. Kwa hiyo kila mtu asiye na jina la kati anatoweka kwenye matokeo. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Karani anaona orodha tupu, anaamini mgonjwa ni mpya, anamfungulia faili jingine. Kuanzia hapo mtu mmoja ana historia mbili: dawa alizoanzishwa zamani ziko huku, vipimo vya leo viko kule, na daktari anayefungua faili moja anaamua kwa nusu ya habari. Kasoro hii ni mbaya kuliko ile inayoiangusha programu, kwa sababu programu ikianguka fundi huitwa.

Njia ya pili ni sahihi kimantiki, na nimeiona katika mifumo mingi ya ofisi:

WHERE (:kwanza IS NULL OR jina_la_kwanza = :kwanza)
  AND (:kijiji IS NULL OR kijiji = :kijiji)

Hapa swali linasema: kama kigezo hakikuletwa, sharti hili limetimia, kama kimeletwa, basi safu ilingane nacho. Hakuna anayepotea. Kwenye jedwali la wagonjwa 2,000 ningeliacha hivyo na kwenda kufanya mengine. Shida huja wagonjwa wakifika laki kadhaa, na inatokana na jinsi kanzidata inavyochagua njia ya kufikia data.

Kanzidata ina faharasa, na aina inayotumika zaidi ni mti-B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa faharasa hiyo, mstari mmoja kati ya milioni hupatikana kwa kushuka ngazi tatu au nne tu, badala ya kusoma milioni nzima. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM walieleza jinsi kanzidata inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu. Uchaguzi huo huitwa mpango wa utekelezaji, na kwa kuwa kuupanga nako kunachukua muda, kanzidata nyingi huuhifadhi na kuutumia tena swali lilelile likirudi.

Sasa fikiria swali letu lenye IS NULL kila mahali. Kwa macho ya kanzidata ni swali moja, lakini ndani yake mna maswali mengi tofauti. Mpango uliohifadhiwa lazima uwe salama kwa yote, hata kwa siku ambayo kijiji hakikutajwa, kwa hiyo hauwezi kuiegemea faharasa ya kijiji. SQL Server, mojawapo ya programu za kanzidata, kwa kawaida huhifadhi mpango iliouunda mara ya kwanza na kuendelea nao; ndiyo maana kuna agizo la OPTION (RECOMPILE), linaloilazimisha ipange upya kila mara. PostgreSQL, swali likiwa limetayarishwa kabla, hupanga upya mara tano za kwanza kwa thamani halisi, kisha hulinganisha wastani wa gharama za mipango hiyo na gharama ya mpango mmoja wa jumla; wa jumla usipokuwa ghali zaidi, huuchukua. Basi asubuhi ikianza kwa utafutaji mpana mara tano mfululizo, wastani unapanda, mpango wa jumla unashinda, na anayekuja baadaye na kijiji mahususi anasubiri jedwali zima lisomwe. Msweden Erland Sommarskog ameandika makala ndefu kuhusu jambo hili kwa watumiaji wa SQL Server, na amekuwa akiifanyia marekebisho kadiri matoleo mapya yanavyotoka. Si jambo dogo kama linavyoonekana kwenye fomu.

Njia ninayoipendelea ni ya kuirudia kanuni ya Zloof moja kwa moja: kigezo kisichojazwa kisiingie kwenye swali kabisa. Hii hapa kwa Python, ikiwa imepunguzwa hadi vigezo viwili na jedwali moja:

masharti = []
thamani = {}
if kwanza is not None:
    masharti.append("jina_la_kwanza LIKE :kwanza")
    thamani["kwanza"] = kwanza + "%"
if kijiji is not None:
    masharti.append("kijiji = :kijiji")
    thamani["kijiji"] = kijiji
swali = "SELECT namba FROM wagonjwa"
if masharti:
    swali += " WHERE " + " AND ".join(masharti)

Itazame kwa makini. Kuna mikusanyo miwili, mmoja wa vipande vya sentensi na mwingine wa thamani alizoandika mtumiaji. AND inawekwa mwishoni, kati ya vipande, kwa hiyo hakuna AND inayobaki ikining'inia. Wasiotaka kujishughulisha na hilo huanza na WHERE 1=1, sharti ambalo daima ni kweli, kisha kila kipande kinaanza na AND; halina madhara, na ukilikuta kwenye msimbo wa mtu usimcheke. Zingatia pia kwamba nimeandika is not None, sikuandika if kwanza peke yake. Kwenye Python sifuri huhesabiwa kuwa sawa na hapana. Muuguzi akitafuta wajawazito ambao idadi ya mahudhurio yao ni 0, yaani wale hasa wanaopaswa kufuatiliwa nyumbani, programu iliyoandikwa kwa njia ya mkato ingeidhania sifuri yake kuwa nafasi tupu na kumletea wajawazito wote. Nafasi yenye maandishi matupu au mianya pekee igeuzwe kuwa None mapema, mlangoni, kabla ya kufika hapa.

Kwa nini thamani zisafiri kando ya sentensi? Jibu analijua kila mtu anayeitwa Ng'eno au Ng'ang'a. SQL hutumia alama hiyohiyo ya ritifaa kufungua na kufunga maandishi. Programu inayobandika jina ndani ya sentensi inazalisha hivi:

WHERE jina_la_ukoo = 'Ng'eno'

Kanzidata inasoma Ng, inaona maandishi yamefungwa, kisha inakutana na eno isiyojua iifanye nini. Utafutaji unagoma. Mtu mwenye jina halali la Kericho anaambiwa na mashine kwamba ameandika vibaya, na karani anajifunza kuliandika bila ritifaa, nalo linakuwa jina jingine ambalo kesho halitapatikana. Mlango huohuo uliomfungia Ng'eno nje unamfungulia mwizi. Akiandika kwenye nafasi ya jina ' OR '1'='1 anaongeza sharti ambalo ni kweli kwa kila mstari, na orodha nzima inamwagika. Jeff Forristal aliieleza hatari ya aina hii katika jarida la Phrack mwaka 1998, kwa jina la bandia la rain.forest.puppy. Miaka 17 baadaye, mwaka 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa njia hiyohiyo, taarifa za wateja 156,959 zikachukuliwa, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Thamani zikipelekwa kando, kama zinavyopelekwa na msimbo wa hapo juu, kanzidata huisoma sentensi kwanza, ikamaliza kuielewa, ndipo ipokee Ng'eno kama herufi tu. Hapo ritifaa haina la kufunga wala la kufungua.

Kuna kitu kimoja kisichoweza kupelekwa hivyo, nacho ni majina ya safu. Karani akibofya kichwa cha safu ili matokeo yapangwe kwa kijiji, neno linalofuata ORDER BY ni sehemu ya sentensi yenyewe. Hapo programu iwe na orodha yake ya safu zinazoruhusiwa, neno lililotoka kwenye kivinjari litafutwe katika orodha hiyo, na kinachoingia kwenye swali kiwe kile cha kwenye orodha. Maktaba za programu kama Hibernate, ambayo OpenMRS inaitumia, au SQLAlchemy na Django kwa upande wa Python, hurahisisha uunganishaji wa masharti na husafirisha thamani kando zenyewe. Zitumie. Lakini hazitakuamulia sharti lina maana gani, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chukua majina. Mgonjwa amejitaja Rono Chebet, rejesta ina Chebet kama jina la kwanza na Rono kama la ukoo. Kumlazimisha karani abuni lipi ni lipi ni kumwonea. OpenMRS ilichagua njia ambayo naiona ya busara: nafasi moja ya jina, maneno yaliyoandikwa yanatenganishwa, na kila neno litafutwe katika safu zote za majina. Kwa maneno mawili swali linakuwa hivi:

WHERE (kwanza LIKE :a OR kati LIKE :a OR ukoo LIKE :a)
  AND (kwanza LIKE :b OR kati LIKE :b OR ukoo LIKE :b)

Ndani ya mabano ni OR, baina ya mabano ni AND, na mabano hayo si pambo. SQL huitekeleza AND kabla ya OR. Ukiyasahau, mgonjwa anaweza kupatikana kwa neno moja tu na orodha inajaa watu wasiotafutwa. Ona pia kwamba ile NULL ya jina la kati haina madhara tena, maana katika OR ndiyo moja inatosha. Msimamizi wa mfumo anaweza kuchagua neno litafutwe mwanzoni mwa jina au popote ndani yake. Kutafuta mwanzoni, kwa Che%, huiruhusu kanzidata kuitumia faharasa, kwa sababu faharasa imepangwa kwa herufi za mwanzo. Kutafuta popote, kwa %che%, huilazimu isome kila jina.

Katika mfumo kama OpenMRS kijiji kiko kwenye jedwali la anwani, na hapa wengi hukosea kwa ukarimu. Wanayaunganisha majedwali yote manne kwenye kila swali, hata pale ambapo namba ya kadi pekee imejazwa. Mgonjwa mwenye majina mawili na anwani tatu anatokea mara sita kwenye skrini. Wengine huweka DISTINCT ili kuwaficha hao sita, lakini kanzidata inakuwa imeshafanya kazi ya kuwazalisha. Sharti la kijiji liandikwe kwa EXISTS, yaani kuna anwani ya mtu huyu yenye kijiji hiki, nalo liongezwe kwenye orodha ya masharti kijiji kinapotajwa tu. Mtu anabaki mmoja, na jedwali la anwani haliguswi bila sababu.

Umri nao unataka uangalifu. Anayesema ana miaka 34 anaweza kuwa amezaliwa siku yoyote ndani ya mwaka mzima, kwa hiyo sharti ni la kipindi: tarehe ya kuzaliwa iwe baada ya leo ukitoa miaka 35, na isizidi leo ukitoa miaka 34. Rejesta ikisema tarehe hiyo ilikadiriwa, kipindi kipanuliwe pande zote mbili. Miaka miwili au mitatu huku na huku ni ya haki kwa mtu ambaye kuzaliwa kwake kunakumbukwa kwa mvua au kwa njaa ya mwaka fulani. Mahudhurio ya mwezi Machi yaandikwe kuwa kuanzia tarehe 1 Machi na kabla ya tarehe 1 Aprili. Anayeandika hadi 31 Machi, ilhali safu ina saa ndani yake, anaishia saa sita kamili za usiku wa kuamkia tarehe 31, na wote waliotibiwa siku hiyo wanaachwa nje ya ripoti.

Limebaki swali la fomu ambayo haikujazwa hata nafasi moja. Kwa msimbo wetu, orodha ya masharti inakuwa tupu, WHERE haiandikwi, na kanzidata inaleta wagonjwa wote. Kwenye duka la vitabu hilo ni jambo jema, mteja anatembeza macho. Kwenye kliniki ya UKIMWI majina yote yanajitokeza kwenye skrini ambayo mara nyingi imeelekea foleni, na foleni hiyo ina majirani. Mfumo wa aina hiyo ukatae, na ukataaji uwe kwenye seva, maana kivinjari kinaweza kukwepwa. Udai angalau herufi mbili au tatu za jina au namba kamili, uweke kikomo cha mistari inayorudishwa, na uandike ni nani ametafuta nini. Na pale ambapo msimbo uleule wa kuunda masharti unatumiwa kwa DELETE au UPDATE, mathalani kufuta miadi iliyopitwa na wakati kwa vigezo vya msimamizi, orodha tupu ya masharti haimaanishi chote kionyeshwe. Inamaanisha chote kifutwe. Hapo programu isimame yenyewe kabla ya kuifikia kanzidata, na imtake msimamizi ataje sharti.